Atachukuliwa Kuwa

Nchi ninayotaka kuisema haipo. Natanguliza hilo mapema ili asije mtu kuniita pembeni na kuniuliza nilikuwa na maana gani. Inaitwa Jamhuri ya Tuseme, mji wake mkuu ni Yaani, na ukiona inafanana na nchi yoyote unayoijua, basi macho yako yana kasoro. Nenda kapimwe.

Mimi ni balozi wa nyumba kumi katika mtaa wa Bomba Bovu, hapo hapo Yaani. Kazi yangu ni kujua nani kaingia, nani katoka, nani kapika nini na kwa nini, kisha kupeleka habari zinakotakiwa. Wapo wenye midomo yao wanaouita huu umbeya. Waache waseme. Umbeya hauna muhuri, na mimi muhuri ninao.

Sasa, sisi Watuseme tulirithi sheria zetu kwa Waingereza, pamoja na kabati lake. Tulizitumia miaka yote bila kuzielewa na tuliishi kwa amani kabisa. Mtu akishtakiwa alisomewa kwa Kiingereza, akasema "ndiyo, mzee," akaenda zake gerezani roho kwatu. Hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyejua pa kuanzia.

Ndipo siku moja Mkuu wa Nchi, akiwa anafungua kiwanda cha viberiti kwa mara ya tatu, akatoka nje ya hotuba. "Ni aibu," akanguruma, "taifa huru kufungwa kwa lugha ya watu! Mwananchi wa Tuseme ana haki ya kufungwa kwa Kiswahili!" Lo! Tulipiga vigelegele mpaka koo zikatukauka. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Kazi ikapelekwa Wizara ya Sheria na Maneno. Mtafsiri mkuu wa wizara hiyo alikuwa Bi. Kidawa Shomvi, mtu wa mtaani kwangu, mwanamke wa makamo, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Akizungumza anachagua maneno kama mtu anayechambua mchele. Alizitafsiri sheria zote vizuri, ya ndoa, ya mifugo, ya kutotema mate, mpaka alipokwama kwenye neno moja.

Ni neno fupi la Kiingereza, la herufi nne tu. Ukilisikia likitamkwa utadhani mtu mwenye mafua anaagiza ndimu. Lakini wanasheria wa Kiingereza hawawezi kula bila hilo, lipo kila ukurasa. Maana yake ni kwamba jambo fulani si hivyo, au halijulikani kama ni hivyo, ila sisi wenye mamlaka tumekata shauri kuwa ni hivyo, na wewe nyamaza. Ni neno la kumhukumu mtu bila kuusumbua ushahidi. Mnaona wenyewe jinsi lilivyo muhimu kwa maendeleo.

*

Kikaitishwa kikao cha kulitafutia neno hilo mwenzake wa Kiswahili. Mwenyekiti alikuwa Katibu Mkuu wa wizara, Profesa Kasambula, msomi wa nyuki, lakini ukimsikiliza huwezi kujua, kwa sababu huzungumzia kila kitu isipokuwa nyuki. Habari za kikao hicho nilizipata kwa Kidawa mwenyewe, baadaye, alipokuwa hawezi tena kunyamaza.

"Kuhukumiwa," alianza mjumbe mmoja.

"Lifutwe!" alisema Profesa. "Hukumu ni neno chungu. Mwekezaji akilisikia anageuza njia kurudi uwanja wa ndege. Tena naagiza lisitumike kabisa nchini, hata mahakamani. Majaji watafute neno lenye tabasamu."

"Kudhaniwa?"

"Serikali haidhani. Anayedhani ni mpinzani."

"Kuonekana?"

"Na nani? Ukisema ameonekana, watu watauliza aliyemwona ni nani. Unataka tutaje majina?"

"Kukadiriwa?"

"Hilo ni la watu wa kodi. Tusigombane nao, wana roho mbaya."

Hapo Kidawa akajikohoza. "Mimi, Profesa, kwenye rasimu nimeandika kuhesabiwa. Atahesabiwa kuwa mwizi, atahesabiwa kuwa mwenyeji. Ndilo lenyewe. Bibi zetu walisema hivyo."

"Kuhesabiwa!" Profesa alicheka mpaka akashika meza. "Mama, ukiwaambia wananchi watahesabiwa, kesho asubuhi wametoka nje wamejipanga wanangojea sensa. Na sensa haina fungu. Mimi naona tuseme kuchukuliwa. Atachukuliwa kuwa mwizi. Sikieni lilivyo! Lina mwendo! Lina vitendo!"

Wajumbe wakaona kweli lina mwendo. Kidawa peke yake ndiye aliyeona linakokwenda. Alijua kwamba neno hilo limeshonwa kwa vipande viwili, "atachukuliwa" na "kuwa", na mtu akilikata katikati kipande cha kwanza kitakimbia peke yake. Alijua pia kwamba askari wetu ni watu wa vitendo, hawasomi mpaka mwisho wa mstari. Basi akainua mkono apinge. Mkono ukafika usawa wa bega, na mlango ukafunguliwa, zikaingia sambusa.

Zilikuwa za nyama, moto, zinafuka. Profesa akasema mwenye pingamizi aseme upesi ili wenzake wale. Watu wote wakamgeukia Kidawa, na macho yao, alisema, hayakuwa ya kirafiki. Mkono ukashuka. Ulipofika chini ukakutana na sahani.

"Nilikula mbili, Balozi," aliniambia. "Na ile ya pili nilichovya kwenye chatini."

*

Sheria mpya zikaanza kazi, nasi tukaona faida zake papo hapo. Ya kwanza ilisema: Mtu atakayekaa kijiweni saa za kazi atachukuliwa kuwa mzururaji. Karandinga likaja, likawachukua vijana wote wa kijiwe cha kahawa. Kituoni askari wakasoma kipande kilichobaki, "kuwa mzururaji", wakaelewa kwamba hawa wamechukuliwa ili wakawe wazururaji. Basi wakawa wanawazungusha uwanjani tangu asubuhi, bila shughuli, huku na huku, mpaka sheria itosheke. Mmoja wao alikuwa na kazi nzuri tu ya kuuza vocha, akaipoteza kwa sababu ya kuzurura.

Nyingine ilisema: Kimya cha mwananchi kitachukuliwa kuwa kibali. Wakaja kukichukua. Walileta spika mbili kubwa kama makabati, wakazifunga juu ya nguzo, na kweli kimya chote cha mtaani kwetu kikachukuliwa, hakijarudishwa mpaka leo.

Nilimuuliza Inspekta Mabewa, mkuu wa kituo chetu, kama ana uhakika na utaratibu huo. Akaninyooshea kidole kwenye kitabu.

"Balozi, wewe si unajua kusoma? Imeandikwa nini hapa?"

"Atachukuliwa."

"Ahaa. Basi kuchukua sisi tunajua. Hayo mengine ya kuwa, kuwa, tumewaachia wataalamu."

Nikamwambia nimeelewa, nikamshukuru kwa elimu.

*

Sasa sikilizeni habari ya Hamduni.

Hamduni alikuwa fundi makochi, na mkewe ni Siwema, ambaye nyumba yake na ya Kidawa zinachangia ukuta. Alikwenda nchi ya jirani kushona makochi ya hoteli. Mwanzo barua zilikuja, kisha zikakatika, na ikapita miaka, kwanza mitano, halafu saba na zaidi. Watu wakamshauri Siwema aolewe. Siwema akawaambia waoane wao kwa wao. Jibu lake hilo nililipeleka panapohusika, kwa kumbukumbu tu.

Alasiri moja, hodi! Hamduni huyo, kasimama mlangoni, kakonda, ana begi moja na jora la kitambaa cha mahameli begani. Kumbe huko alikokwenda mwenye karakana alimnyang'anya pasipoti akamfanyisha kazi kama punda, hadi alipopata upenyo wa kutoroka. Siwema alimtazama, akamvamia kwa makofi, halafu akamkumbatia, halafu tena makofi. Mtaa mzima tulijaa pale. Kidawa alilia kuliko ndugu wa damu. "Hii mahameli ni ya kochi lako," Hamduni alikuwa anamwambia mkewe, "nimeibeba nchi mbili." Mimi nilipewa chai ya tangawizi, nikanywa, nikamuuliza maswali mawili matatu ya kijirani: ametoka lini, kapita wapi, hakuonekana huku miaka mingapi kwa jumla.

Halafu nikaenda kutoa taarifa. Si kwa ubaya. Mgeni akiingia, balozi hutoa taarifa. Ndiyo kazi yenyewe.

Asubuhi karandinga likasimama mlangoni kwa Siwema. Inspekta Mabewa akashuka na kitabu.

"Wewe ndiye Hamduni?"

"Ndimi, afande. Shikamoo."

"Marahaba. Hukuonekana nchini miaka saba na zaidi?"

"Kweli, afande, nilipata matatizo..."

"Basi sikiliza. Mtu asiyeonekana kwa miaka saba atachukuliwa kuwa amekufa. Tumekuja kukuchukua."

Hamduni akacheka. Alidhani ni utani wa kumkaribisha nyumbani. "Nikafe, afande?"

"Mimi sijasema ukafe. Mimi nachukua. Huko mbele watakuelekeza."

"Lakini si mnaniona? Mimi huyu hapa, mzima!"

"Kuonekana kumefutwa," alisema Inspekta kwa upole. "Kikao kilikataa. Haya, panda, marehemu, tusipotezeane muda."

Siwema alishika mkono mmoja wa mumewe, askari wakashika mwingine. Askari walikuwa wengi.

*

Waliochukuliwa walikuwa wanawekwa katika ghala la zamani la kugandishia samaki, ambalo umeme wake ulikatwa zamani lakini harufu ilibaki. Wazururaji waliwekwa uani. Hamduni, kwa heshima ya hali yake, alipewa chumba peke yake. Akaambiwa ajilaze, asisumbue, na asitegemee chakula, kwa kuwa katika bajeti hakuna fungu la kuwalisha wafu.

Siwema akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akapeleka. Askari wa zamu akafunua kawa.

"Cha nani hiki?"

"Cha mume wangu, Hamduni."

"Yule marehemu?" Askari akavua kofia. "Poleni sana, mama. Basi hii ni hitima."

Akawaita wenzake. Wakanawa mikono vizuri, wakakaa chini, wakamwombea Hamduni dua ndefu, ya moyoni kabisa, kisha wakala chote. Hamduni alikuwa dirishani anaisikia dua yake. Kwa mazoea akaitikia amina.

Ikawa hivyo kila siku. Siwema anapika, askari wanaomba, wanakula. Walinenepa kwa ucha Mungu. Kidawa alijaribu kupenyeza chapati kwenye nondo za dirisha, mara akaweza, mara akakamatwa na kuonywa kwamba anamhonga maiti. Na Hamduni aliyerudi amekonda akazidi kukonda, mpaka siku moja Siwema akarudi kutoka huko ameshika kawa tupu, akaingia moja kwa moja kwa Kidawa. Nilikuwapo, nimepita kuangalia usalama.

"Shoga," alisema, "wewe si unafanya kazi huko wanakoandika maneno? Hebu niambie. Nani aliyeliandika hili la atachukuliwa? Nimjue jina tu. Nikampigie magoti aliondoe, mume wangu ananifia."

Kidawa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Kamati," alisema.

"Kamati ndiyo nani?"

"Ni watu wengi, Siwema."

Siwema akaitikia kwa kichwa, akamshukuru, akaondoka. Kidawa alibaki ameukodolea macho ule ukuta wanaochangia. Upande wa pili tulisikia maji yanamiminwa sufuriani, Siwema anaanza kupika tena.

"Balozi," Kidawa akasema, "niandikie barua ya utambulisho. Kesho nakwenda kusema ni mimi."

*

Hapa Tuseme hakuna ofisi inayomsikiliza mtu asiye na balozi wake, kwa hiyo nilifuatana naye kila mahali. Tulianza kwa Profesa Kasambula.

"Profesa, lile neno tulibadili," Kidawa alisema. "Tulirudishe kuhesabiwa. Kuna mtu anakufa kwa njaa."

"Nani?"

"Hamduni, fundi makochi."

Profesa akapekua kitabu chake. "Huyu ameshakufa. Ukurasa wa arobaini."

"Hajafa, Profesa! Amechukuliwa tu kuwa amekufa!"

"Unaona lilivyo neno zuri? Hata wewe umelitumia vizuri sana." Akamwegemea kwa huruma. "Mama Kidawa, kubadili ni kukiri tulikosea. Na Serikali, kwa mujibu wa sheria uliyoitafsiri kwa mkono wako, inachukuliwa kuwa haikosei."

"Basi nimekosea mimi. Andika mimi. Nilijua na nikanyamaza, nilikuwa nakula."

"Huwezi kukosea peke yako, wewe ni mjumbe. Na kamati haina mdomo, itakulaje?" Akacheka kwa kuufurahia ufasaha wake mwenyewe, akatufungulia mlango.

Tukaenda polisi. Kidawa akanyoosha mikono afungwe pingu. "Inspekta, nichukue. Nimeua mtu."

Mabewa akashtuka, akatoa kalamu. "Nani?"

"Hamduni."

Akairudisha kalamu. "Mama, usituchezee. Marehemu hauawi. Ungemuua kabla hajafa tungekusaidia."

Tukaenda mahakamani. Jaji alikuwa mzee mwenye sauti laini, amekaa chini ya tangazo jipya lililosema NENO HUKUMU NI MARUFUKU, TABASAMU. Kidawa akasimama kizimbani bila kuitwa, akaeleza yote, la kikao, la mkono, la sambusa. Jaji alisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Mahakama imekuona."

"Imeniona nina nini, Mheshimiwa?"

"Imekuona tu. Zamani tungeendelea, lakini kilichobaki kimepigwa marufuku."

"Mheshimiwa, nakuomba. Nipatikane na hatia."

Jaji akamnong'oneza karani, karani akamwita askari wa kike, Kidawa akapelekwa nyuma ya pazia akapekuliwa. Askari akarudi na ripoti: amepatikana na kitana, leso, na nusu ya muhindi wa kuchoma. Hatia hakupatikana nayo.

"Labda umeiacha nyumbani," alisema Jaji, na wallahi sikujua kama anatania au anasikitika. Kisha akaniangalia mimi. "Na habari za huyo mtu kurudi, polisi walizipata wapi?"

"Kwa balozi," alisema Kidawa. "Kama kawaida."

Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu anayetajwa katika shukrani.

*

Mtu mwingine angekata tamaa. Kidawa alikaa na sheria zake akazisoma upya, mpaka akapata mlango. Maiti, sheria ilisema, atakabidhiwa kwa wafiwa. Lo, alikuja kwangu anakimbia, ushungi umemdondokea mabegani! Kama wanasema Hamduni ni maiti, basi wamtoe, Siwema akamzike! Akifika nyumbani atakula wali mpaka apasuke.

Ghalani wakakubali kwamba hoja ni nzito. Kilichohitajika kilikuwa saini ya daktari. Akaja daktari wa Serikali, kijana nadhifu, akaweka kipimo chake kwenye kifua cha Hamduni.

"Anapumua," alisema. "Siwezi kutia saini. Nina kiapo."

"Basi kama anapumua mwachieni!" Siwema alipiga kelele.

"Hilo si la kwangu, mama. Kisheria amekufa, kitabibu hajafa. Kwa sheria hawezi kula, kwa tiba hawezi kutoka." Alionekana kuumia kidogo. Akamshauri Hamduni ajitahidi kuwa na msimamo.

Hamduni alikuwa amelala ubavu. Alifungua macho, akamwona mkewe kwenye nondo. "Siwema," alisema, "ile mahameli usiiache juani, itapauka." Na Siwema akamwambia hataiacha. Mimi nilikuwa karibu. Nilitazama kiatu changu, kwa sababu kamba yake ilikuwa imelegea.

Daktari aliitwa tena baada ya siku chache. Safari hii alitia saini bila hata kukaa, na mambo yote yakaenda upesi ajabu. Sijawahi kuona ofisi za Tuseme zikifanya kazi kwa kasi vile. Kabla ya adhuhuri Siwema alikuwa amekabidhiwa mumewe, na askari walisaidia kubeba, kwa kuwa walikuwa na nguvu.

Jioni Profesa Kasambula akazungumza redioni. "Wapo wachache," alisema, "waliobeza tafsiri yetu. Leo marehemu mwenyewe ameithibitisha. Sheria ilisema, na imekuwa." Akatangaza kwamba Bi. Kidawa Shomvi anatunukiwa Nishani ya Neno Sahihi, Daraja la Kwanza.

Walimfuata kwa gari la wizara. Walipombandika ile nishani kifuani akashika kipaza sauti kwa mikono miwili akasema, "Mimi nina hatia. Nimemuua jirani yangu." Ukumbi ukamshangilia kwa kusimama. Walioketi mbele walifuta machozi, wakisema hawajaona mtaalamu mnyenyekevu kiasi kile.

*

Matanga yalikuwa kwa Siwema. Wanawake walikaa ndani kwenye mkeka, sisi wanaume tulikuwa uani, na mimi nilichagua kiti kilicho karibu na mlango, nikawa nasikia na kuona ndani. Kidawa aliingia moja kwa moja kutoka kwenye sherehe, nishani bado inaning'inia. Hakukaa. Alisimama mbele ya mfiwa.

"Siwema, uliniuliza jina, nikakuambia kamati. Nilikudanganya. Jina ni Kidawa."

Siwema alikuwa ameegemea lile jora la mahameli. Akamtazama jirani yake.

"Ulijua watalikata hivyo?"

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Nilinyoosha mkono. Halafu nikaushusha. Zililetwa sambusa, Siwema. Watu walitaka kula."

Nilidhani atamrukia. Wote tulidhani. Siwema alivuta pumzi, akajifunga kanga vizuri.

"Una hatia, Kidawa," alisema. "Umesikia? Serikali na ifanye vyake. Mimi mke wake nakuhukumu, hapa, kwenye mkeka wake. Una hatia. Utaosha vyombo vya matanga haya mpaka sahani ya mwisho. Na kila Ijumaa tutakwenda wote kaburini, na huko utamwambia mwenyewe hayo uliyoniambia mimi. Utamwambia kila tukienda, mpaka siku nikikuambia basi, imetosha."

Kidawa akalia. Nimesikia watu wengi wakilia katika kazi yangu, lakini hivi sikuwahi kusikia. Alilia kwa sauti, mabega yote yanatikisika, huku anasema ahsante, ahsante, shoga yangu. Kisha akaitoa nishani, akaiweka dirishani, akapandisha mikono ya gauni akaenda kwenye masufuria.

Neno lililopigwa marufuku lilikuwa limetumika wazi mbele ya mashahidi. Ilinipasa kutoa taarifa. Nilitafuta kalamu sikuiona, ilikuwa mfukoni.

Watu walipopungua nikaingia kutoa mkono wa pole. "Siwema," nikasema, "na mimi... unajua tena kazi yetu hii. Mimi nilitoa taarifa tu. Kuchukua wamechukua wao. Sheria imeandikwa na wengine. Mimi sikuwa na hili wala lile."

Siwema aliniangalia. Hakukunja uso.

"Sina neno nawe, Balozi," alisema.

Nilifurahi! Nilirudi nyumbani nimenyooka. Nikamwambia mke wangu, unaona, Siwema hana neno na mimi. Mke wangu akaacha kusonga ugali. "Kasema hivyo hivyo?" akauliza. Nikamwambia hivyo hivyo. Akaendelea kusonga.

Tangu hapo kila Ijumaa nawaona wanapita. Siku za mwanzo Kidawa alitembea nyuma, kainama. Siku hizi wanakwenda sambamba, na juzi juzi nilisikia wanacheka kitu, wote wawili, kicheko kidogo. Mimi chakula hakinipandi. Nilikwenda kwa Siwema mara ya pili, nikamwambia, kama lipo neno lolote, hata la matusi, nitaje tu, mimi ni mtu mzima. Akaniambia halipo, Balozi, nenda salama.

Ijumaa iliyopita nikawafuata. Makaburini nilivua viatu nikasimama hatua kadhaa nyuma yao. Kidawa alikuwa amechuchumaa anazungumza na kaburi kwa sauti ya chini, huku anapalilia. Siwema akageuka.

"Umekuja kuandika taarifa?"

"Hapana," nikasema. "Nimekuja unihukumu."

"Nimeshakuambia, Balozi. Wewe sina neno nawe."

Akachuchumaa karibu na mwenzake, wakaendelea kung'oa majani. Mimi nikabaki nimesimama na viatu mkononi, nikimtazama Kidawa, ambaye maneno ndiyo kazi yake, nikidhani labda yeye atanitafutia hata moja. Aliinua kichwa, akaniona, akainama tena.